Bibi Harusi wa Udongo

Jiko la bibi yangu pale Malangali, Sumbawanga, lilikuwa la tope. Kila mwaka mvua zilipokatika, alichimba udongo, akauchanganya na majivu na samadi ya ng'ombe, kisha akalikandika upya kwa mikono yake. Alama za vidole vyake zilibaki ukutani mpaka mvua nyingine zije kuzifuta. Alipofariki, hakuna aliyelikandika tena. Msimu wa kwanza, ukuta wa upande wa upepo uliliwa na mvua. Msimu wa pili, paa likalala chini. Nyumba kubwa ya tofali za kuchoma iko palepale hadi leo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jiko lile lilianguka kwa sababu lilikuwa la tope. Kilichonibadilisha mawazo ni matanuri.

Katika nyanda za juu za Ufipa, kuanzia Nkansi hadi vijiji vya Sumbawanga, bado unaweza kukuta mabaki ya minara ya udongo imesimama porini au pembeni mwa mashamba. Wafipa huita mnara mmoja ilungu, na mingi malungu. Ni matanuri ya kuyeyushia mawe ya chuma. Ilungu zima liliweza kufikia urefu wa mita 3 hivi, na mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa ndio uliofaa. Urefu ule haukuwa wa mapambo. Ilungu halikutumia mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu na mirija ya udongo chini, ikavutwa juu na joto. Moto uliwaka kwa siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa chuma kilichochanganyika na mavi yake, ambacho kilipelekwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha, kabla ya mhunzi kukifua kuwa jembe, shoka au mkuki.

Lakini ukiishia kwenye hewa na joto, hujaelewa ilungu. Kwa waliolijenga, ilungu jipya lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa na kutendewa kama mwali anayeingia katika ndoa. Kuyeyusha chuma kulieleweka kama ujauzito na uzazi; tanuri lilikuwa mama na chuma kilikuwa mtoto. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala, na dawa hizo zilihitajika ili uzazi uende salama. Muda wote wa kazi, wanaume walikaa kambini mbali na kijiji na kujitenga na wake zao, maana kwenda kwa mwanamke mwingine wakati "mke" yuko katika uchungu kungekuwa usaliti, na kazi ingeharibika.

Rahisi kuyaita hayo ushirikina na kufunga kitabu. Mimi nayaona kama maelezo sahihi kabisa ya kazi yenyewe. Kuyeyusha chuma kulihitaji watu wengi: wa kuchimba mawe, wa kukata miti na kuchoma mkaa, wa kusomba udongo, wa kupika chakula cha kambini. Uhusiano mmoja ukivunjika, kazi yote ilisimama. Lugha ya ndoa iliweka wazi jambo ambalo kila mtu pale alilijua, kwamba chuma hutoka kwenye maelewano ya watu kabla hakijatoka kwenye mawe. Na udongo ulifaa kuwa mwili wa lugha hiyo kwa sababu haudumu. Ilungu lilipasuka kwa moto na kulowa kwa mvua. Ili litumike tena, watu walipaswa kurudi na kulikarabati pamoja.

Tunayajua haya kwa sababu waliopita Ufipa waliandika. Mwaka 1914, R. Wyckaert, mmisionari wa White Fathers, alichapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa Tanganyika. Kichwa hicho peke yake kinaonyesha ufa uliokwisha kuingia: kazi ni moja, lakini mafundi wamegawanyika mara mbili. R. C. H. Greig aliandika kuhusu uyeyushaji wa Ufipa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na R. Wise akaandika humohumo mwaka 1958, ikiwemo makala nzima juu ya matambiko yake. Baadaye mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda alichunguza eneo la Nkansi na kuonyesha kwamba malungu hayakuwa mwanzo wa historia. Kabla yake kulikuwa na ufundi mwingine wa matanuri mafupi, uitwao katukutu. Kwa hiyo hata hili tunaloliita la jadi lilikuwa limechukua nafasi ya jadi nyingine.

Udongo wa Ufipa haukuisha, wala mawe ya chuma hayakuisha. Kilichokuja ni jembe la kiwandani, rahisi kupatikana, ambalo halikumtaka mnunuzi ajenge uhusiano na yeyote zaidi ya muuza duka. Ikaja kodi iliyowapeleka vijana kutafuta kazi za mshahara mbali, na dini mpya isiyotaka kikapu cha dawa. Watu wa kambini walipotawanyika, minara ikabaki bila wa kuirudia.

Ng'ambo ya mpaka, kwa jirani zetu Wabemba wa Zambia, kuna jambo linalofanana na hili. Katika unyago wa wasichana, chisungu, wanawake hufinyanga sanamu za udongo ziitwazo mbusa, huzipaka rangi, na kuzitumia kumfundisha mwali mambo ya ndoa. Audrey Richards, aliyeshuhudia chisungu moja mwaka 1931 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1956, alieleza jinsi wanawake walivyotumia saa nyingi kutengeneza vitu ambavyo viliharibiwa muda mfupi baadaye. Leo mkusanyiko mkubwa wa mbusa umehifadhiwa katika makumbusho ya Moto Moto, mjini Mbala. Nashukuru kwamba upo. Lakini sanamu iliyotengenezwa ili ivunjwe, ikikaa kabatini miaka hamsini, inatufundisha jambo tofauti na lile alilofundishwa mwali. Yeye aliambiwa: umeona, umesikia, sasa beba moyoni, maana hiki hutakikuta kesho.

Swali hilo linayahusu malungu moja kwa moja. Kila msimu wa mvua unapunguza yaliyobaki. Tunaosoma historia tunatamani kuyajengea paa, kuyawekea uzio, pengine kuyaziba nyufa kwa saruji. Paa na uzio naunga mkono. Saruji hapana: hufungia unyevu ndani, na udongo nyuma yake huoza taratibu. Na hata tukifaulu, tutakuwa tumemhifadhi bibi harusi bila arusi. Ndiyo maana nadhani fedha ya kwanza, kabla ya ile ya mabati, iende kwa kijana wa kijijini mwenye kinasa sauti, akae na wazee ambao bado wanakumbuka nyimbo, majina ya udongo na majina ya waliobeba mkaa. Mnara unaweza kungoja mvua mbili. Mzee wa miaka tisini huenda asingoje.

Najua ninachokisema, kwa sababu sikumuuliza bibi. Nilimwona akikandika jiko kwa miaka yangu yote ya utoto, na sijui alichukua udongo ule wapi hasa, wala alichanganya majivu kiasi gani. Likizo iliyopita nilijaribu kuinua ukuta mdogo pale pale jikoni kwake. Ulipasuka kabla haujakauka. Mama alikuja, akaushika, akasema udongo huu si wenyewe. Nikamuuliza wenyewe unapatikana wapi. Alifikiri kidogo, akavua kandambili, akavaa viatu vya shamba. "Lete jembe," akaniambia, "twende tukautafute."