Wakati Pepa Ilikuwa ya Bure

Wikendi iliyopita nilihama. Keja mpya iko ghorofa ya nne na lifti hakuna, so kila kitu nilichobeba nilikiuliza kwanza kama kweli nakihitaji. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake mifuko mingine ya kitambaa. Nikaketi sakafuni nikaihesabu. 27.

Kila mmoja una hadithi ile ile. Nimetoka job jioni, nimepitia supermaketi kuchukua mkate, maziwa na kitunguu, dada wa till akaniuliza kama nina mfuko. Sina. Nikanunua. Kesho yake hivyo hivyo. Hata ukisema kila mmoja ulikuwa shilingi kumi tu, hiyo ni soo mbili na sabini imening'inia kwa mlango ikinitazama.

Nikapigia mathe simu kumwambia. Akacheka, halafu akasema, "Na mimi nilikuwa nawapatia za bure." Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hii kitu.

Kama wewe uko na miaka kama 13 sa hii, huenda hukumbuki pepa. Tuliiita pepa ingawa haikuwa na hata chembe ya karatasi. Wengine waliita juala. Ilikuwa plastiki nyembamba, nyeusi au ya mistari, na ukinunua chochote, hata ndimu moja, ulipewa. Hukuomba. Mwenye duka akikuuzia kitu bila pepa ulimwangalia kama mtu amekukosea heshima.

Nyumbani tulikuwa na pepa ya kuwekea pepa. Kila boma lilikuwa nayo, chini ya godoro au nyuma ya mtungi wa gesi. Pepa ilivaliwa kichwani kama mvua imenyesha na nywele zimetoka saluni. Ilifunikia unga wa chapati ukilala. Ilibeba soksi zenye maji kutoka shule. Na mpira! Sisi wote tuliocheza Kayole tunajua mpira ulikuwa majuala yaliyokazwa na kamba, na mwenye kuufunga vizuri alichaguliwa kwa timu hata kama mguu wake ulikuwa wa mbao.

Sasa cheki hii. Pepa yenyewe, ile yenye vishikio viwili, si ya zamani hata. Ilibuniwa na injinia wa Uswidi anaitwa Sten Gustaf Thulin, akifanyia kazi kampuni ya Celloplast, na haki zake za ubunifu zilikubaliwa Marekani mwaka wa 1965. Mtoto wake amewahi kueleza kwamba babake aliona mifuko ya karatasi inamaliza miti, akataka kitu chepesi, kigumu, ambacho mtu atatumia tena na tena. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea na moja imekunjwa mfukoni. Yaani jamaa aliyetupatia juala alikuwa anaishi kama mathe. Sisi wengine ndio tuliitupa.

Kabla ya hapo kulikuwa na kiondo. Cucu yangu wa Murang'a bado ako na chake, mkanda wa ngozi umeng'aa kwa kuvaliwa. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba walisuka viondo kwa nyuzi za magome ya miti tangu zamani, kisha kwa mkonge baada ya zao hilo kuletwa na wakoloni. Pwani walikuwa na vikapu vya ukindu. Lakini angalia nani alibeba. Kiondo ni cha mwanamke anayejua asubuhi kwamba leo anaenda soko. Anapanga. Anatoka nacho nyumbani na anarudi nacho.

Nairobi haikununui hivyo. Nairobi unanunua ukirudi. Unashuka stage saa mbili usiku, mfukoni kuna soo ya leo, na njiani kwenda keja unachukua sukuma ya mbao, nyanya mbili, mafuta ya kupima. Huku ndiko tunaita kadogo, na pepa ndiyo iliiwezesha kadogo. Jamaa wa mjengo aliyetoka saa kumi na mbili asubuhi na mikono mitupu angeweza kurudi na supper ya watoto wanne kwa sababu mwenye kibanda alikuwa na mfuko wa kumpa. Sijawahi kusikia mtu akiisifu pepa kwa hiyo kazi, lakini iliifanya kila jioni.

Na sitaki mtu aseme natetea plastiki. Mimi nimekulia karibu na Dandora, najua harufu. Majuala yalikuwa kwa miti kama maua mabaya, kwa waya za stima, kwa mitaro. Mvua ikinyesha maji yalikosa pa kupita. Mitaani kwenye shida ya vyoo, watu walijisaidia ndani yake usiku wakarusha. Wachinjaji Nairobi walikuwa wanapasua tumbo la ng'ombe na kukuta mifuko ndani, wakati mwingine hadi 20 kwa ng'ombe mmoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake hapo Gigiri, lilisema supermaketi za Kenya peke yake zilikuwa zinagawa takriban mifuko milioni 100 kwa mwaka. Na hapo hujahesabu kibanda hata kimoja.

Wangari Maathai alipiga kelele kuhusu hii mifuko mapema sana. Alisema inashika maji ya mvua na kulea mbu. Serikali ikajaribu kupiga marufuku ile myembamba mwaka wa 2007, ikashindwa. Ikajaribu tena 2011, ikashindwa. Rwanda hapo katikati, 2008, walikuwa wamemaliza hiyo story. Viwanda vyetu kila mara vilikuwa na jibu: kazi za watu. Kisha kutoka Nakuru jamaa anaitwa James Wakibia akaanza kupiga picha za takataka na kuziweka mtandaoni, watu wakashika hiyo hashitegi, presha ikapanda.

Februari 2017, Waziri wa Mazingira Judi Wakhungu akatia sahihi notisi. Miezi sita. Chama cha watengenezaji bidhaa kikalia kwamba kazi zaidi ya 60,000 zitapotea na viwanda 176 vitafungwa. Wakaenda kortini. Korti ikakataa kusimamisha.

Mtaani hakuna aliyeamini. Kumbuka ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Tulipiga kura Agosti 8, na kila mtu alikuwa anaongea matokeo, nani ameiba, nani hajaiba. Nani alikuwa na wakati wa kufikiria pepa? Mathe alinunua bunda zake kama kawaida wiki hiyo. Nilimuuliza, akaniambia, "Hawa wamesema hivyo tangu uzaliwe."

Agosti 28 ikafika na ikawa kweli. Faini ilikuwa kati ya milioni 2 na milioni 4, au jela kati ya mwaka mmoja na minne. Siku nne baadaye, Septemba 1, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, nchi ikasimama, pepa ikasahaulika kwa habari. Kwa kibanda haikusahaulika.

Nilikuwa na miaka 15, nasaidia kukata sukuma. Wacha nikupigie hesabu. Mfuko wa kitambaa mdogo kabisa ulikuwa unauzwa shilingi tano. Sukuma ni ya mbao. Kwa hiyo mbao, mathe alibaki na tano, sita hivi, kama siku ni nzuri, baada ya kutoka Marikiti saa kumi alfajiri na kulipa mat na mtu wa mkokoteni. Akimpa kastama mfuko bure, faida imeisha. Akimwuzia, sukuma ya mbao imekuwa ya ishirini na tano, na kastama anaenda kibanda kinachofuata.

Wiki ya kwanza watu walibeba kwa mikono. Nilimwona mzee wa mjengo, kastama wetu wa kila siku, akiweka nyanya mfuko huu wa koti na vitunguu ule mwingine, sukuma iliyokatwa ameishika kwa kofia. Sukuma iliyokatwa na gazeti hazipatani, gazeti linalowa na kupasuka kabla ufike kona. Siku ya tatu akasema, "Mama, leo nipe nyanya tu." Hakuwa anataka nyanya tu.

Mathe akaacha kukata sukuma. Ukisikia hivyo ni kama si kitu, lakini kukata ndiko kulileta watu. Mtu amechoka, ako na jiko moja na watoto wanangoja, anakuja kwako kwa sababu ya kile kisu. Alipoteza hao.

Halafu akafanya kile wengi walifanya. Akapata jamaa wa kumletea majuala kichinichini. Watu walisema yanavuka mpaka kutoka Uganda, ndani ya magunia ya vitu vingine. Aliyaficha ndani ya sweta yake, chini ya leso, na alitoa moja moja kwa kastama anayemjua, akiangalia kushoto na kulia. Mamangu, mzee wa kanisa, anauza pepa kama mihadarati.

Walikuja wawili Novemba hiyo. Hawakuwa na uniform, walisema ni watu wa mazingira. Sijui kama ni kweli mpaka leo. Walipata majuala 11. Mmoja akayahesabu kwa sauti mbele ya watu wote, kisha akataja milioni 2. Mathe akakaa chini kwa debe. Alikuwa na 1,800 ya mauzo na pesa ya chama, jumla kama 4,300. Walichukua zote na majuala pia. Walipoondoka mmoja alibeba nyanya zetu, na aliziweka ndani ya nini? Ndani ya hizo pepa.

Hiyo ndiyo sehemu ninayokasirikia, na si wale wawili tu. Soma ile notisi. Iliacha nje plastiki inayofunga bidhaa kiwandani. Mkate ukitoka kwa ovena ya kampuni unavaa plastiki, ni halali. Krispi, halali. Sabuni ya unga ya kumi, halali, na hiyo pakiti tupu iko kwa mtaro wa mbele ya nyumba yenu sa hii, enda uangalie. Lakini sukuma ya mathe, imekatwa mbele yako, ikivaa plastiki ya upana huo huo ilikuwa jela. Najua kuna sababu, mkate lazima ufungwe. Sukuma iliyokatwa pia lazima. Tofauti ni kwamba mkate ulikuwa na mtu wa kuusemea kwenye meza ya wizara.

Mwaka uliofuata ikawa mchezo wa paka na panya. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatangaza kwamba hata ile mifuko ya kitambaa cha bei rahisi, ambayo kumbe pia ni plastiki, itapigwa marufuku mwisho wa Machi 2018. Watengenezaji wakaenda kortini, agizo likasimamishwa. Tanzania nao wakaanza marufuku yao Juni 1, 2019. Juni 2020, kwetu, chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja vikakatazwa kwa mbuga, misitu na fuo za bahari. Hayo yote ni mazuri, na miti yetu kweli haina tena yale maua. Ukienda Kayole leo utaona tofauti. Hata mathe anakubali.

Lakini kila mtu akisimulia hii historia anataja waziri, korti, viwanda, ng'ombe. Sijasikia mtu akitaja ile shilingi tano ilitoka wapi. Mimi najua mahali moja. Muhula wa kwanza wa 2018 niliripoti shule wiki mbili baada ya wengine.

Jumapili baada ya kuhama nilimpelekea mathe ile mifuko 27. Siku hizi amerudi kukata sukuma. Kastama wake wengi wanakuja na mifuko yao, wakisahau wanaacha wakichukua kesho, na wasio na kitu anawapa kutoka kwa ile niliyomletea. Alizipanga kwa rangi, amefurahi kweli.

Halafu nikamwomba cheti changu cha kuzaliwa, kuna form najaza. Akainua godoro. Akatoa pepa nyeupe, imekunjwa, imechakaa, na yule ndovu wa Nakumatt bado anaonekana. Nakumatt iliyoanza kama Nakuru Mattress, ikawa kubwa kuliko zote, na imekufa. Ndani ya hiyo pepa kulikuwa na vyeti vyetu vyote, kadi za kliniki, picha ya baba, risiti ya jeneza lake.

Nikamwambia, "Mum, hiyo ni milioni mbili."

Akaikunja vile vile, mara nne, akairudisha chini ya godoro.

"Waje waichukue," akasema. "Unataka chai ya maziwa ama ya rangi?"