Ekipe ya kufungwa tisa: tuipe heshima ao tuinyime?



Wenye mulikuwa kwenye mkutano wa siku ya posho iliyopita munajua mambo yalivyokwenda. Kombe letu la mpira kati ya wanafunzi halina jina, na ndugu mmoja akapendekeza tuliite Kombe la Léopards 1974. Kabla hajamaliza kusema, kicheko. Mwingine akatoa telefone na kuonyesha ile video yenye kila mtu anaijua: Brazili wanataka kupiga mpira wa adhabu, mchezaji wa Zaïre anatoka mbio kwenye ukuta, anaupiga yeye mwenyewe mpaka mbali. "Njo hawa munataka kupatia heshima? Ekipe ya kufungwa tisa?" Kura ikasogezwa mpaka mkutano ujao.

Mimi pia nilicheka, sitaficha. Nilipofika nyumbani nikamwelezea baba mkubwa ile hadithi. Baba mkubwa ni mtu wa Lupopo toka utoto. Mambo ya wachezaji wa Mazembe huwa hayamgusi. Nilifikiri atacheka. Aliniuliza tu: "Mwana, huyu wa kwenye video anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Nimeona ile video labda mara ishirini, na jina la mtu sikulijua. Kwa hiyo juma hili nimesoma, nimeuliza wazee, na leo nataka kuwaandikia yenye nimepata, kusudi tupige kura tukijua tunachokataa ao tunachokubali.

Anaitwa Mwepu Ilunga. Alikuwa mlinzi wa TP Mazembe, ya hapa kwetu Lubumbashi. Ile video ni ya tarehe 22 Juni 1974, mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi.

Tuanze mbele kidogo. Mwaka 1967 na 1968, Mazembe, yenye wakati ule iliitwa TP Englebert, ilichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mara mbili, na ikarudi fainali 1969 na 1970. Mwaka 1968, kule Addis Ababa, ekipe ya taifa ilifunga Ghana 1-0, goli la Kalala Pierre, ikaleta Kombe la Afrika la kwanza. Mwaka 1973, V.Club ya Kinshasa ikachukua lile la vilabu, na Bwanga Tshimen wa Mazembe akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika.

Kisha ikaja Machi 1974, na hapa njo watu wengi wamesahau. Kule Misri, Zaïre ilitoa wenyeji kwa 3-2, ikaenda fainali na Zambia. Wakatoka sare 2-2. Mechi ikarudiwa, Zaïre ikashinda 2-0. Magoli yote manne ya zile mechi mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba wa V.Club. Katika kombe lile alifunga jumla magoli 9, na mpaka leo hakuna mwenye amefikisha hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika.

Basi "ekipe ya kufungwa tisa" na ekipe yenye ilileta kombe ni ekipe moja. Kati ya Kairo na Gelsenkirchen kuna miezi mitatu tu.

Ilikuwaje? Wakati ule Kombe la Dunia lilikuwa na nchi 16, na Afrika yote ilikuwa na nafasi moja. Zaïre ilikuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika kule. Mechi ya kwanza walifungwa na Uskoti 2-0. Hiyo si aibu. Kisha wachezaji wakajua kwamba feza yenye waliahidiwa haitafika mikononi mwao. Wao wenyewe walieleza baadaye kwamba walitaka kukataa kucheza mechi ya pili. Wakaingia uwanjani bila moyo. Yugoslavia ikafunga matatu haraka, golikipa Kazadi Mwamba akatolewa, Tubilandu akaingia bila kupasha moto mwili. Mwepu akampiga mwamuzi teke kwa hasira, lakini mwamuzi akamtoa Ndaye, mwenye hakufanya kitu. Wakabaki kumi. Mapumziko ilikuwa 6-0, mwisho 9-0.

Mwepu alieleza kwamba kisha ile mechi, walinzi wa Mobutu walikuja kuwaambia: mukifungwa na Brazili zaidi ya matatu, musirudi nyumbani. Siku ya Brazili wako nyuma, na Brazili wanapata mpira wa adhabu karibu na goli. Hapo njo Mwepu alitoka mbio. Bulaya walicheka, wakasema Waafrika hawajui hata sheria za mpira. Miaka mingi nyuma yake, Mwepu alisema alizijua sheria vizuri. Alikuwa anakasirikia wenye kukaa kwenye viti na kula feza ya jasho lake. Mechi ikaisha 3-0. Mwepu alikufa mwaka 2015, na video bado inachekesha watu.

Sisi wa agronomia tunafundishwa kitu kimoja toka mwaka wa kwanza: ukiandika mavuno ya shamba bila kuandika mvua, udongo na tarehe ya kupanda, karatasi yako haina maana. Mtu mwingine atasoma "gunia mbili" na kusema mulimaji ni mvivu, kumbe mvua haikunyesha. Tisa kwa sifuri ni gunia mbili. Nani ameandika mvua?

Sasa nije kwenye mabishano yetu, kwa sababu wenye walikataa hawakusema ovyo.

Wa kwanza alisema heshima ni ya washindi. Nakubali, lakini hawa walishinda. Tukitaka kuwahukumu kwa Juni, tuwahesabie na Machi.

Wa pili alisema mtu mwenye alimpiga mwamuzi teke hawezi kuwa mfano kwa wanafunzi. Neno hilo lina uzito, na sitalifunika. Jibu langu ni kwamba tuandike yote, teke na kombe pamoja. Heshima yenye inahitaji uongo kusudi isimame, tuiache.

Wa tatu, dada mmoja wa sheria, alisema neno lenye lilinigusa zaidi: "Wazee wachezaji wako na njaa. Jina kwenye kombe litawasaidia nini?" Kumujibu yeye, lazima nieleze habari za watu wawili.

Kule Springfield, Marekani, kuna Nyumba ya Heshima ya mchezo wa basket. Mchezaji haingii akingali anacheza. Wanangoja miaka ipite, kisha watu 24 wanasoma maisha yake ya mchezo, na inahitaji kura 18 kusudi aingie. Mwaka 2015 aliingia mtoto wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, mwenye alicheza kule toka 1991 mpaka 2009 na akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Mutombo alikufa mwaka 2024, lakini jina lake haliwezi kufutwa kwa sababu shefu fulani amekasirika. Limeandikwa.

Ndaye Mulamba yeye heshima yake ilitoka katika mkono wa mtu mmoja. Mobutu aliwapa Léopards nyumba na motokari, wachezaji wameeleza. Kisha Ujerumani, akawageuzia mgongo. Ilipofika Oktoba ile ile, macho yote yalikuwa kwa Ali na Foreman pale Kinshasa. Miaka ikapita. Mwaka 1994 Ndaye aliitwa Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, kupewa heshima kwa yale magoli 9. Aliporudi nyumbani, wezi walifikiri mtu mkubwa kama huyu lazima awe na feza. Wakampiga risasi mguuni. Vita ilipokuja akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kama mkimbizi.

Mwaka 1998, Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imefika kwamba amekufa katika machimbo ya almasi Angola. Lakini Ndaye alikuwa hai, Afrika Kusini, hana kazi. Alikufa Januari 2019, miaka 21 kisha ile dakika.

Dada, hili njo jibu langu. Hatukuweza kumlisha Ndaye kwa sababu hatukujua hata kama anapumua. Nyumba ya Heshima, kabla ya kuwa jengo lenye picha na vioo, ni daftari: jina, mwaka, alichofanya, anaishi wapi, hali yake namna gani. Msaada unafuata daftari. Pasipo daftari, feza ikitoka, itaishia kwa wenye wako karibu na ofisi.

Na tusiishie kwa mpira wa miguu. Dada zetu wa basket walichukua Kombe la Afrika 1983, 1986 na 1994, wakaenda Olimpiki ya Atlanta 1996. Mmoja wao, Mwadi Mabika, alikuwa bingwa mara mbili na ekipe ya Los Angeles, 2001 na 2002. Kwenye mkutano, wangapi kati yetu wangelitaja jina lake?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Moja, kombe letu liitwe Léopards 1974, na kabla ya fainali majina ya wachezaji wote yasomwe kwa sauti. Pili, kila mwaka chama kitafute mchezaji mmoja mzee wa hapa mjini, mwanaume ao mwanamke, mwenye aliacha kucheza zamani. Tumulipie nauli, akae kiti cha mbele, na yeye njo atoe kombe. Tatu, habari zake ziandikwe katika daftari la chama, mazuri na mabaya, pamoja na mahali anapoishi. Mwaka unaofuata mtu wetu aende kumsalimia.

Haya yote hayapiti uwezo wetu. Ni nauli, kiti na daftari.

Nilimsomea baba mkubwa karatasi hii jana jioni. Mwaka 1974 alikuwa na miaka 13, walisikiliza zile mechi kwa redio ya jirani. Akanisahihisha mahali pawili, kisha akasema: "Ile siku ya tisa, baba yetu alizima redio. Na siku ya Brazili akaiwasha tena."

Siku ya posho nitainua mkono.