Upepo Uliogeuka Cheti cha Kuzaliwa

Januari 1909, wazee wa Ireland walikutana na jambo geni: serikali ilitaka kuwapa fedha. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka uliotangulia iliwaahidi maskini waliotimiza miaka 70 pensheni ya hadi shilingi tano kwa wiki. Kikwazo kilikuwa kuuthibitisha umri huo. Serikali yenyewe ilianza kuandikisha vizazi vyote Ireland mwaka 1864, na mzee wa miaka 70 alikuwa amezaliwa robo karne kabla ya daftari hilo kufunguliwa.

Basi maofisa wakauliza: je, unaukumbuka Upepo Mkubwa? Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 dhoruba iliipiga Ireland, ikaezua mapaa, ikaangusha dohani za Dublin na kuua watu wanaokadiriwa kuwa mamia. Aliyeukumbuka usiku ule bila shaka alikuwa ametimiza 70. Ghafla kila ajuza na kila shaibu akawa anaukumbuka. Ukizilinganisha sensa za 1901 na 1911, si ajabu kumkuta mtu wa miaka 56 katika ile ya kwanza akiwa na 71 katika ya pili. Sioni haja ya kuwalaumu. Wengi walikuwa watoto wa ile njaa kuu iliyoanza 1845 na kuua watu wapatao milioni moja. Shilingi tano zilikuwa zimechelewa mno.

Wengine walijaza fomu: jina la baba, jina la mama, kitongoji, parokia, kaunti. Karani wa Dublin alifungua sensa ya 1841 au ya 1851, akaitafuta familia, akainakili au akaandika kwamba hakuiona. Kazi ya kuchosha, na hakuna aliyedhani anaandika historia.

Kisha ukaja mwaka 1922. Wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza walikuwa wameliteka jengo la mahakama la Four Courts, kando ya mto Liffey. Majeshi ya serikali mpya ya Ireland, iliyoukubali mkataba huo, yakaanza kulishambulia kwa mizinga tarehe 28 Juni, na tarehe 30 mlipuko na moto vikaiteketeza Ofisi ya Kumbukumbu iliyokuwa mle ndani. Nyaraka za karne saba ziliungua. Vipande vya karatasi vilipeperuka juu ya jiji kama majani makavu. Wosia ziliteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 zikabaki mabaki machache tu.

Lakini moto ule unasingiziwa mengi. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa zikawa karatasi upya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hizo hazikuhitaji mzinga.

Ndiyo maana anayetafuta nasaba yake Ireland hutegemea sana karatasi za fedha. Uthamini wa ardhi uliosimamiwa na Richard Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, ulifanywa kwa ajili ya kodi. Unataja mpangaji, mwenye ardhi, shamba, nyumba na thamani yake. Mke na watoto hawamo, kwa kuwa hawakuwa wakidaiwa kitu. Na zile fomu za pensheni? Zilisalimika. Familia kadha wa kadha ambazo kurasa zao za sensa ziliungua zimebaki katika mwandiko wa karani aliyekuwa akihakiki umri wa mzee mmoja.

Fomu hizo, pamoja na sensa za 1901 na 1911, leo zinasomwa bure mtandaoni. Kama una babu wa Ireland, tafuta kwanza jina la kitongoji chake, ndipo uje kwenye jina la ukoo. Akina Murphy ni wengi mno.