Anafichwa Nani? Maadili ya Kuvujisha Siri za Serikali katika Ukanda wa Dhahabu

Mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini hotelini London, Februari 2007. Mgodi wenyewe uko Kahama, mkoani Shinyanga. Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, aliusaini huku Serikali ikiwa imeshatangaza kwamba mikataba ya madini inapitiwa upya. Agosti mwaka huo Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alilifikisha jambo hilo bungeni akitaka iundwe kamati teule. Bunge likamsimamisha kwa madai ya kusema uongo. Kabla mwaka haujaisha, Rais Kikwete alimteua kuwa mjumbe wa kamati ya Jaji Mark Bomani iliyopewa kazi ya kuitazama sekta hiyohiyo.

Zitto hakuvujisha hati yoyote; alihoji tu. Hata hivyo kisa chake kinatupa swali ambalo mijadala ya siri za serikali huliruka. Tuwahesabu walioujua mkataba ule: kampuni, wanasheria wake, maofisa wachache wa wizara. Wasioujua ni wabunge, madiwani na wakazi wa Kahama. Hoja yangu ni kwamba uhalali wa kimaadili wa kuvujisha siri hautokani kwanza na muhuri uliogongwa juu ya jalada, bali na nani aliyefichwa. Pale ambapo mgeni aliyekaa upande wa pili wa meza anakijua kila kifungu, na asiyejua ni mwenye mali peke yake, kinacholindwa ni biashara iliyovikwa joho la usalama wa taifa.

Watetezi wa usiri hukimbilia kiapo, na nyuma ya kiapo ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, ambayo adhabu yake inaweza kufika miaka 20 gerezani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa ofisi ambayo kila karani anajiamulia cha kutoa na cha kubakiza haiwezi kutumikia umma. Lakini mtumishi ameapa kwa Jamhuri, na Ibara ya 8 ya Katiba inawataja wananchi kuwa ndio chanzo cha mamlaka ya Serikali. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili na mali ya pamoja. Kiapo hakiwezi kumzuia mtunza ghala asimwambie mwenye nafaka kwamba gunia limetoboka.

Mfano wa migodi ya Geita unaonesha gharama ya usiri. Mikataba ya zamani ya uendelezaji migodi iliweka kikomo cha ushuru wa halmashauri: dola 200,000 kwa mwaka, ilhali sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 ilizungumzia asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Diwani aliyekuwa akipanga bajeti ya madarasa na barabara hakuwa na namna ya kukihakiki kifungu kilichomo katika mkataba asioruhusiwa kuusoma. Karani ambaye angempa nakala ya ukurasa huo mmoja angemdhuru nani? Jeshi lisingeguswa, wala mpaka wa nchi. Mwaka 1795 mwanafalsafa Kant alipendekeza kipimo kinachofaa hapa: tendo linalogusa haki za wengine, ambalo haliwezi kutekelezeka likitangazwa, si la haki.

Kipimo changu hukata pande zote mbili. Kuanzia Julai 2017 Profesa Palamagamba Kabudi aliongoza mazungumzo ya Serikali na kampuni ya dhahabu ya Barrick, na makubaliano yakasainiwa Januari 2020. Ofisa ambaye angetoa nje kiwango cha chini ambacho Tanzania ilikuwa tayari kukikubali angewasaliti wenye mali, maana aliyefichwa hapo alikuwa mshindani mezani. Usiri wa majadiliano una mwisho, nao ni saini.

Mwaka 2017 wenyewe unachekesha kidogo. Ripoti za kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro kuhusu makinikia (mchanga wenye madini) na mikataba zilisomwa Ikulu, televisheni zikirusha moja kwa moja. Mambo ambayo miaka 10 nyuma yalimgharimu mbunge kiti chake kwa miezi kadhaa sasa yalikuwa uzalendo. Kumbe dola haikuogopa siri hizo kutoka. Ilitaka tu kuchagua nani azitoe na lini.

Mgodi wa Bulyanhulu ni kesi ngumu zaidi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo walifukuzwa ili eneo likabidhiwe kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, ambayo Barrick iliinunua mwaka 1999. Ilidaiwa kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai wakati mashimo yakijazwa. Serikali na kampuni walikana. Picha na mkanda wa video uliosemekana kupigwa na polisi vilifika mikononi mwa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi zao, na mwaka uliofuata Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu wa LEAT, pamoja na mwanasiasa wa upinzani Augustine Mrema, walishtakiwa kwa uchochezi. Ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko ilisema mwaka 2002 kwamba haikuona ushahidi wa mauaji hayo. LEAT waliikataa ripoti hiyo. Tume huru waliyoidai haikuundwa.

Nani alikuwa sahihi? Kwa swali letu, jibu si sharti. Mvujishaji ana wajibu wa kuhakiki, lakini majalada ya kuhakikia yamo mikononi mwa anayetuhumiwa. Naona basi kwamba kuutoa mkanda kama dai la uchunguzi ni halali, hata kama baadaye utaonekana una maelezo mengine. Kuutoa kama hukumu iliyokamilika ni jambo jingine, na wanaharakati hawakuichunga tofauti hiyo kila mara. Kujizuia nako kuna uzito: Daniel Ellsberg wa Marekani, alipotoa nyaraka za siri za vita ya Vietnam mwaka 1971, alibakiza juzuu zilizohusu mazungumzo ya amani.

Sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa inamlinda anayekwenda kwa mamlaka husika. Katika madai ya Bulyanhulu, mamlaka hizo ndizo zilizotuhumiwa. Mwaka huohuo sheria ya uwazi katika rasilimali za madini, mafuta na gesi ilimtaka waziri kuhakikisha mikataba inatangazwa. Kwa kila mkataba uliosainiwa ambao bado umefungiwa kabatini, anayeuvujisha anatimiza agizo ambalo sheria ilimpa waziri, naye anaifanya kazi hiyo huku miaka 20 ikimning'inia kichwani.