Gobori la babu lilitoka wapi?

Lifute vumbi gobori la zamani ubavuni, pale mtambo wa kufyatulia ulipofungwa kwenye mbao kwa skrubu, na mara nyingi utakuta maandishi yaliyoanza kuliwa na kutu. Huenda ni neno TOWER pamoja na taji. Huenda maandishi hayapo, lakini kwenye mtutu karibu na kitako kuna duara refu mfano wa yai, ndani yake herufi E, L na G na kinyota. Mwenye nyumba atakuambia bunduki hii ilipigana Majimaji, au kwamba babu wa babu yake alipewa na Mirambo kwa mkono wake. Alama zile nazo zina maneno yao, na si kila mara zinaafikiana na ya mwenye nyumba.

ELG ni muhuri wa nyumba ya kupimia silaha ya mji wa Liège, Ubelgiji. Mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na usipopasuka ukagongwa muhuri. Tangu 1810 muhuri ulikuwa na herufi na nyota tu. Julai 1893 ukaongezewa taji juu. Kwa hiyo gobori lenye ELG chini ya taji lilipimwa baada ya mwezi huo, na Mtemi Mirambo wa Urambo alifariki Desemba 1884. Hawakuonana. Neno TOWER nalo linatokana na Mnara wa London, ambako serikali ya Uingereza ilikagua na kuhifadhi silaha za jeshi lake, lakini mafundi wa Birmingham na Liège waliligonga pia kwenye bunduki za biashara kwa sababu wanunuzi wa Afrika waliliamini. Ukiliona, usikimbilie kusema gobori lako lilitoka jeshini.

Je, babu alidanganya? Sidhani. Gobori ni chombo cha kutengenezwa na kutengenezwa tena. Mbao ikioza, seremala wa kijijini huchonga nyingine. Mtambo ukivunjika, mhunzi hutia wa bunduki nyingine iliyokufa. Mtutu ukipasuka, hutafutwa mwingine, na katika karne ya 20 wahunzi wetu walifika mahali pa kutumia hata bomba la maji. Chuma kinabadilika kipande baada ya kipande huku simulizi ikibaki ileile. Ukoo unaweza kweli kuwa ulipokea bunduki ya Mirambo, ikachakaa, na habari zake zikahamia kwenye bunduki iliyochukua nafasi yake ukutani. Ndiyo sababu nazisikiliza habari za wazee kwa makini, kisha naomba nione na mtutu.

Bunduki hizi zilifikaje Sikonge, Liwale au Namtumbo? Jibu linaanzia mbali. Miaka ya 1840 majeshi ya Ulaya yaliacha gumegume, bunduki ya kuwashwa kwa cheche ya jiwe, yakahamia bunduki za fataki. Mwaka 1866 Prussia iliipiga Austria kwa bunduki za kupakia nyuma, na ndani ya miaka michache kila jeshi kubwa likataka za namna hiyo. Bunduki za kupakia mdomoni zikajaa maghalani bila mwenyewe. Wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya kutupa, wakazisafirisha hadi Unguja, na Unguja ikazipeleka bara. Mwaka 1888 ubalozi wa Uingereza Unguja ulikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka kwa njia hiyo. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini gobori halikuwa kitu cha watemi peke yao. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na pembe mabegani aliweza kurudi kwao na bunduki, kipipa cha baruti na doti za kaniki. Ilikuwa akiba yake, na pengine mahari ya mwanawe.

Ilikuwa pia madaraka. Mirambo alikusanya vijana waliokwisha kutoka mikononi mwa koo zao, rugaruga, akawapa bunduki na ngawira, na mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora hadi njia ya misafara kwenda Ujiji ikafungwa. Nyungu ya Mawe alifanya vivyo hivyo Ukimbu. Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alikwenda na bunduki zake hadi Katanga na kujenga dola huko. Isike wa Unyanyembe aliwakatalia Wajerumani kwa miaka, na Januari 1893, boma lake lilipovunjwa, alilipua ghala la baruti akiwa ndani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka vifungu vya silaha. Katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki mpya zenye mtutu wa mifuo zilizuiwa zisiwafikie wenyeji. Gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa kibali. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, kwa maana bunduki kweli zilikuwa zikichochea utekaji wa watu. Lakini mkataba huo huo uliwaachia wakoloni bunduki za kupakia nyuma na bombomu, bunduki zinazofyatua risasi mfululizo, ukamwachia Mwafrika silaha ambayo Ulaya ilikwisha kuitupa. Gobori halikudumu kwetu miaka mia na zaidi kwa sababu tulilipenda. Ndilo tulilobakishiwa.

Matokeo yake yalionekana katika Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, na tarehe 30 Agosti wapiganaji walishambulia boma la Mahenge. Waliokuwa na bunduki wengi wao walikuwa na za kupakia mdomoni, wengine walishika mikuki, na mbele yao palikuwa na bombomu mbili. Mtu wa gobori akishafyatua, lazima asimame, amimine baruti, ashindilie kwa mdeki, atie risasi na kitambaa, ashindilie tena, aweke fataki. Kwa muda huo bombomu imekwisha kutema mamia ya risasi. Nikisoma habari za maji ya dawa ya mganga Kinjikitile, huifikiria hesabu hii kwanza. Walioahidiwa kwamba risasi zitageuka maji hawakuwa wajinga wa bunduki. Waliijua vizuri, na walijua yao haitoshi.

Vita vilipokwisha Wajerumani walidai bunduki kama sharti la kusalimu amri. Kabla ya hapo Gavana Wissmann alikwisha kuweka sheria ya uwindaji ya 1896 iliyotaka vibali na malipo, na mwindaji wa tembo akajikuta mhalifu katika pori alilozaliwa. Kwa hiyo gobori lililobaki ndani ya ukoo kutoka enzi hizo ni lile lililofichwa, au lile lililokubaliwa kwa kibali. Na familia zinazosema babu alikuwa askari wa Mjerumani na akaachiwa bunduki yake ziangalie tena. Bunduki ya askari ilikuwa ya serikali, nyingi zikiwa Mauser za mwaka 71 za kupakia nyuma, zenye maandishi “Mod. 71” ubavuni. Kama ya kwenu inapakiwa mdomoni, elekea zaidi kwenye pori na shamba kuliko kambini.

Shambani ndiko gobori lilikofanya kazi yake ndefu zaidi, na kumbukumbu tamu nyingi zimetoka huko: kulinda mahindi dhidi ya nguruwe na nyani, mlio mmoja usiku wa kuwatimua tembo, nyama iliyogawiwa jirani. Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma, hivyo baada ya kupiga ilibidi mtutu uoshwe kwa maji ya moto, ukaushwe, upakwe mafuta. Mtoto aliyetumwa kuchemsha maji yale ndiye mzee wa leo. Atakueleza harufu yake, kama yai lililooza, maji yalivyotoka meusi kama wino, na jinsi alivyozuiwa kugusa mtambo. Aliyefundishwa hivyo alifundishwa pia nani aliyemiliki kabla ya baba yake, maana majina yalitajwa kazi ikiendelea.

Mwaka 1989 ilikuja Operesheni Uhai, jeshi, polisi na askari wa wanyamapori wakipambana na ujangili uliokuwa ukiwamaliza tembo. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, iliyosimamishwa kwa malalamiko ya watu kuteswa, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Magobori yaliyotumiwa kwa ujangili yalistahili kuondolewa, na hilo nalisema bila kusita. Hata hivyo katika hofu ile zipo bunduki zilizotupwa mtoni au kuzikwa usiku, na habari zake zikazama nazo.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 iko wazi kwamba leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Mwenye leseni akifariki, mwanawe harithi leseni kwa kuwa mwanawe tu. Silaha ifikishwe polisi, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Umoja wa Afrika uliutangaza Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na polisi wetu wamekuwa wakitoa nafasi hiyo. Itumieni. Lakini msilibebe gobori kichwakichwa kwenda kituoni. Baruti nyeusi ikikaa pakavu hubaki hai miaka mingi mno, na mababu waliacha bunduki nyingi zikiwa zimeshindiliwa tayari. Wahifadhi wa makumbusho hutumbukiza kijiti mtutuni hadi kigote, wakaweka alama mdomoni, kisha wakakilaza nje ya mtutu waone kimeishia wapi. Kikikomea kabla ya pale fataki inapokaa, ndani kuna kitu. Nyumbani msijaribu. Waiteni polisi waje.

Kabla hawajaja, pigeni picha mihuri. Andikeni aliyelishika nani, kutoka kwa nani, mwaka gani wa njaa au wa nzige. Pelekeni nakala Makumbusho ya Majimaji Songea, Makumbusho ya Bujora, au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Silaha ikiyeyushwa na karatasi ikabaki, kitu kikubwa kimeokoka.

Na msiwaulize wanaume peke yao. Habari za gobori tunazosimuliana ni za tembo, za simba, za Mjerumani. Ni mara chache utasikia kwamba bunduki hiyohiyo ilizingira kijiji alfajiri, au kwamba ilinunuliwa kwa watu. Karne ya 19 bunduki na mateka vilipita njia moja, na wanawake waliotekwa hawakufika pwani wote. Wengi walibaki bara, wakaolewa kwa waliowateka au kwa waliowanunua, wakazaa. Bwanikwa, mwanamke Mluba wa Congo, alimsimulia mmisionari maisha yake ya kupita mikononi mwa mabwana mara kumi, na simulizi yake ikachapishwa kitabuni. Wenzake wengi walisimulia jikoni tu, kwa binti na wajukuu. Katika koo nyingi za Tabora, Ukimbu na kusini yupo bibi ambaye ukoo wake haujulikani, aliyetajwa tu kuwa alikuja na msafara. Bibi zetu walio hai ndio wa mwisho waliolisikia jina lake likitajwa na mtu aliyemjua. Wakati wajomba wanabishana sebuleni kama mtutu ni wa Mirambo au wa Isike, mtu mmoja aende jikoni akaulize bibi yule alikuja mwaka gani, kutoka wapi, na nani alikuwa ameishika ile bunduki.