Mbwa mutoto: tabia inajengwa katika juma za kwanza

Katika miji yetu ya mashariki, wengi wanafuga mbwa juu ya kulinda nyumba. Lakini mbwa anayeuma watoto wa jirani, mara nyingi aliharibika akiwa angali mudogo.

Mbwa anazaliwa kipofu. Macho yanafunguka kati ya siku 10 na 14. Kuanzia juma la 3 mpaka la 12 hivi, anazoea haraka kile anachokutana nacho. Mufugaji amushike kila siku, amuzoeshe watoto, wageni na kelele ya pikipiki. Asimuuze mbele ya juma la 8: akicheza na ndugu zake ndipo anajifunza kutouma kwa nguvu. Kumufunga kamba tangu utoto kunamujaza woga, na mwenye woga anauma.

Akifikisha miezi 3, apewe chanjo ya kichaa cha mbwa (raji) kwa munganga wa nyama.

Kama mbwa ameuma mutu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu mukimbilie kituo cha afya siku ile ile. Dalili za raji zikisha kutokea, karibu hakuna anayepona.