Dubu wa Nandi na Historia ya Vitabu vya Mazimwi

Ukitoka Eldoret kuelekea Iten, mwamba wa Sergoit unauona kutoka mbali, umejitenga peke yake juu ya mashamba ya ngano na mahindi. Karibu na mwamba huo, muda mfupi baada ya vita vya Waingereza na Wanandi vya 1905 na 1906, Mwingereza aitwaye Geoffrey Williams aliona mnyama asiyemjua. Alikuwa safarini na binamu yake. Alieleza kwamba mnyama huyo aliketi wima kama dubu anavyoketi katika bustani ya wanyama, kisha akashuka kwa miguu minne, akaenda mbio za kiupandeupande kuelekea Sergoit. Williams alifyatua risasi, ikakosa. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1912 katika jarida la chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, na uwanda wa Uasin Gishu ukapata mnyama mashuhuri ambaye mpaka leo hajapatikana hata mfupa wake: dubu wa Nandi.

Mwaka huohuo wa 1912, makazi madogo yaliyojulikana kwa nambari ya shamba, 64, yalitangazwa kuwa mji na kupewa jina la Eldoret. Makaburu walikuwa wameshafika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe tangu 1908, lakini reli ilikuwa bado miaka 12 kufika. Usiku ulikuwa mrefu, na walowezi walikuwa wageni wa nchi wasiyoifahamu. Waliposikia wenyeji wakimtaja Chemosit, zimwi la masimulizi ya Wanandi, wengi waliamua kwamba huyo ndiye mnyama wao. Hapo ndipo hadithi ya Wanandi ilipobadilishwa ikawa ripoti ya windo.

Safari ya Chemosit kutoka masimulizi ya usiku hadi karatasi inatusaidia kuelewa aina moja ya vitabu ambayo vijana wengi duniani wanaipenda: vitabu vya mazimwi vya michezo ya kuigiza wahusika.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Watu wanne au watano hukaa kuzunguka meza. Kila mmoja ana mhusika wake, awe mpiganaji, mganga au mwizi, isipokuwa mmoja ambaye ni msimulizi na mwamuzi. Msimulizi huwaeleza walipo na kilicho mbele yao, nao humwambia wanafanya nini. Pale isipojulikana kama jambo litafaulu, kete hurushwa, ikiwemo ile yenye pande 20. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani. Wachezaji walipozidi, msimulizi alihitaji maadui wengi zaidi ya wale anaoweza kuwabuni papo hapo. Mwaka 1977 Gygax akatoa Monster Manual, kitabu cha jalada gumu chenye viumbe zaidi ya 350, kuanzia chungu wakubwa hadi majoka.

Gygax alichota kila mahali. Alichukua kwa Wagiriki, kwa watu wa Ulaya ya Kaskazini, kwa Waarabu na majini yao. Baadhi ya viumbe wake mashuhuri, kama yule nusu bundi nusu dubu, walitokana na vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong. Lakini jambo lake kubwa lilikuwa mpangilio. Kila zimwi lilipewa orodha ileile ya maswali: hupatikana mara ngapi, hutembea wangapi pamoja, lina kasi gani, ngozi yake inazuia pigo kwa kiasi gani, linastahimili majeraha mangapi, lina akili kiasi gani, lina tabia njema au mbaya, lina hazina gani pangoni. Chini ya orodha hiyo ndipo yalipokuja maelezo kwa maneno, pengine aya moja tu. Vitabu vilivyofuata, kama Fiend Folio cha 1981 na Monster Manual II cha 1983, vilishika utaratibu huo.

Desturi ya kuorodhesha viumbe wa ajabu haikuanzia Marekani. Kimojawapo cha vitabu mama vya aina hii, Physiologus, kiliandikwa kwa Kigiriki katika karne za mwanzo za Ukristo, na wanahistoria wengi wanakihusisha na Aleksandria, Misri. Kilimweka simba karibu na ndege wa motoni, na kila kiumbe kikafungwa na fundisho. Katika karne ya 9 al-Jahiz wa Basra aliandika Kitab al-Hayawan, na katika karne ya 13 al-Qazwini akakusanya maajabu ya viumbe katika kitabu kilichosomwa na kunakiliwa katika nchi nyingi za Kiislamu.

Kwetu pwani, orodha ya namna hiyo ilikuwa imejificha ndani ya hadithi. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishenari aliyeishi Unguja, alichapisha London mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili, na mojawapo ilikuwa ya Sultani Majnun na paka wake. Paka alianza kwa kula mifugo, sultani akamtetea. Akaanza kula watu, akawa Nunda. Mtoto mdogo wa sultani akaapa kumuua, lakini hakuwahi kumwona kwa macho. Kila alipoua mnyama alimkokota mpaka nyumbani kumwonyesha mama yake: mbwa, ngawa, na hatimaye hata twiga, kifaru na ndovu, na kila mara mama alimjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Msikilizaji anapita wanyama wa nchi nzima, mmoja baada ya mwingine, huku akijifunza kwamba zimwi lililelewa ndani ya nyumba ya mtawala aliyekataa kusikia malalamiko ya watu wake.

Sasa turudi Uasin Gishu. Miaka mitatu kabla ya maelezo ya Williams kuchapishwa, yaani 1909, Alfred Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kiitwacho The Nandi. Humo Chemosit anaelezwa kama alivyosimuliwa na Wanandi wenyewe: nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, anayetembea kwa kuegemea fimbo kama mkuki, na mdomo wake mwekundu hung'aa gizani kama taa. Huimba usiku karibu na makazi. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, hutoka kwenda kucheza, na huo ndio mwisho wao.

Linganisha kiumbe huyo na dubu wa walowezi. C. W. Hobley, ofisa mwingine, alikusanya habari za watu walioona mnyama huyo na kuzichapisha katika jarida lilelile mnamo 1912 na 1913. Wajenzi wa reli ya Magadi nao walidai kukutana naye. Habari hizo zilijaa vipimo: urefu wa mabega, umbo la unyayo, rangi ya manyoya, mgongo unaoteremka kuelekea nyuma. Wafugaji waliokuta kondoo wameuawa na ubongo kuliwa waliongeza sifa ya kula ubongo. Wimbo ukaachwa. Mwanga wa mdomo ukaachwa. Watoto wakaachwa pia, kwa sababu mwindaji hawezi kupima wimbo wala kuutundika ukutani.

Wataalamu walijaribu kutegua fumbo. Wengine walisema ni fisi madoa mkubwa aliyeonekana katika mwanga hafifu, wengine nyegere, wengine nyani mzee. Walikuwepo waliomtaja mnyama wa kale mwenye kucha na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, ambaye jamaa zake waliishi Afrika Mashariki na mabaki yao yamechimbuliwa Olduvai. Lakini mnyama yule alikula majani, na mla majani havunji fuvu la kondoo. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans alimpa dubu wa Nandi nafasi kubwa katika kitabu chake cha wanyama wasiojulikana, akaona kwamba wanyama kadhaa tofauti walikuwa wamevishwa jina moja. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba kiumbe mmoja aliyevishwa jina hilo hakuwa mnyama kabisa. Alikuwa hadithi yenye kazi yake.

Vitabu vya michezo vilipoigeukia Afrika vilirithi rafu ileile ya vitabu vya wasafiri na maofisa. Mwaka 1984 mchezo wa Call of Cthulhu ulitoa Masks of Nyarlathotep, kisa kinachowapeleka wachezaji hadi Nairobi ya miaka ya 1920, na mwaka 2007 kampuni ya mchezo huohuo ikachapisha Secrets of Kenya, kitabu kizima kuhusu koloni la Kenya. Wachezaji waliiona nchi yetu kwa jicho la mgeni aliyefika kwa meli na reli.

Njia nyingine ilifunguliwa na Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada mwaka 1969. Alikuwa amechoshwa na namna Afrika ilivyochorwa katika visa vya mashujaa wa panga, akamuumba shujaa wake Imaro, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka 1981 na ambaye anaishi katika bara liitwalo Nyumbani. Mwaka 1987 Saunders aliandika katika jarida la Dragon makala ya viumbe wa masimulizi ya Kiafrika, akiwapangia takwimu za mchezo. Mwaka 2002 Christopher Dolunt akatoa Nyambe, kitabu cha ulimwengu mzima uliojengwa juu ya tamaduni za Afrika. Mwaka 2021 kampuni ya Paizo ikatoa The Mwangi Expanse, kuhusu eneo la kubuni lenye jina ambalo kila Mkenya analifahamu, safari hii kwa kuwashirikisha waandishi wengi wenye asili ya Afrika. Tofauti inaonekana: watu wa huko wana miji, vyuo na historia, na mazimwi wao wana sababu ya kuwepo.

Basi tumpangie Chemosit ukurasa wake kwa utaratibu wa Gygax. Idadi: mmoja. Mwendo: wa kuruka kwa mguu na fimbo, kwa hiyo mtoto mwenye mbio anaweza kumponyoka akishtuka mapema. Silaha: fimbo kama mkuki anayoiegemea. Shambulio la pekee: mwanga na wimbo, na kila mchezaji arushe kete kuona kama atabaki nyumbani au atafuata ngoma. Maskani: gizani, nje kidogo ya boma. Hapo utaona kwamba masimulizi ya Wanandi yanampa msimulizi wa mchezo mambo mengi ya kuchezesha kuliko ripoti zote za unyayo. Mchezaji hashindi kwa bunduki. Anashinda kwa kujiuliza nani amepiga ngoma usiku huu, na kwa nini hakuna mkubwa aliyeitangaza.

Ndiyo maana nashikilia kwamba vitabu hivi visichukuliwe kama upuuzi wa watoto wa kigeni. Kitabu cha mazimwi kinaweza kuhifadhi masimulizi vizuri kuliko kabati la makumbusho, mradi mwandishi aulize maswali yanayofaa. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ina wanafunzi maelfu katika Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret, na wengi wana kogo, yaani nyanya, ambaye bado anamkumbuka Chemosit. Waende na daftari. Waulize zimwi liliishi kilima gani, liliimba nini, lilimchukua nani, na aliyeponea aliponea kwa lipi. Waandike jina la msimulizi juu ya ukurasa, kwa ruhusa yake, kabla hawajaandika takwimu hata moja. Hollis aliweza kuuliza akiwa mgeni, na jibu lake bado ndilo bora tulilo nalo zaidi ya miaka 100 baadaye. Wenye lugha hawana sababu ya kumwachia.